Ofisi ya nyumbani kwa bajeti ndogo: anza na futi, kiti kitafuata

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dar es Salaam. Miaka hii napokea watu wengi wanaofanyia kazi nyumbani: watafsiri, wahasibu wanaotunza hesabu za maduka, walimu wanaofundisha kwa mtandao, vijana wa usanifu wa picha. Wengi wamepanga chumba na sebule, na kazi inafanyika kwenye meza ya kulia, kwenye kochi au kitandani. Wakishaeleza shingo au kiuno kinavyowasumbua, swali linalofuata huwa lile lile: ninunue kiti gani? Nami huwaambia kwamba kabla hawajatoa hata shilingi, watafute futi ya fundi, ile ya kuvuta, na wamwombe mtu wa nyumbani awapime.

Vipimo ni viwili tu. Kaa kwenye kiti kigumu, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Upimwe kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, pale paja linapoanzia. Hicho ndicho kimo cha kiti chako. Kisha legeza mabega, kunja mikono mpaka kiwiko kiwe kama kona ya mlango, halafu upimwe kutoka pale ulipokalia hadi chini ya kiwiko. Jumlisha vipimo hivyo viwili, utapata kimo ambacho kibodi yako inatakiwa kukaa.

Tuchukue mwanamke mwenye urefu wa sentimita 158. Kwa kawaida atapata karibu 40 cha kwanza na 23 cha pili, kwa hiyo meza yake ni ya sentimita 63. Sasa nenda Keko, au kwa seremala wa mtaani kwako, uulize meza ya kulia. Utapewa ya inchi 30, yaani sentimita 76, maana hicho ndicho kimo kilichozoeleka. Kiti cha plastiki nacho kina kama sentimita 44. Akikaa hapo, viwiko vyake viko 67 na meza iko 76. Sentimita 9 zilizobaki mwili unazifidia kwa kunyanyua mabega. Msuli unaotoka shingoni kwenda begani unakaza tangu asubuhi hadi jioni, maumivu yanapanda kisogoni, na mtu anameza dawa ya kichwa wiki nzima wakati tatizo liko kwenye miguu ya meza.

Kama meza ni yake na ni ya mbao za kawaida, fundi aikate miguu. Ni kazi ya muda mfupi na gharama yake ni ndogo. Kama ni meza ya familia, au ya mwenye nyumba, asiiguse. Ainue kiti. Anunue kipande cha sponji kigumu, cha aina ile mafundi makochi wanayotumia, akishone ndani ya kitenge. Sponji laini haifai, inazama yote. Ipime ukiwa umeikalia, ibakie sentimita 9.

Hapo viwiko vimefika mezani, lakini miguu imeanza kuning'inia, na miguu inayoning'inia hubana nyama za nyuma ya mapaja na kuleta ganzi. Kiti sasa kiko 53 na goti lake linataka 40, kwa hiyo anahitaji sentimita 13 chini ya nyayo. Tofali la kawaida la saruji la inchi 5, ukililaza kwa ubapa wake, linakupa karibu kimo hicho hicho, na urefu wake unatosha miguu miwili. Lifungie kanga kuukuu lisikwaruze sakafu. Kwa watu wafupi huu ndio ushauri ninaoutoa mara nyingi kuliko wowote, na hufurahi sana ninapoona mabega ya mtu yanashuka papo hapo anapoweka miguu juu yake.

Kuhusu egemeo: kunja kanga au taulo liwe mviringo, unene wa mkono wako, ulifunge kwenye kiti usawa wa kiuno, pale mgongo unapoingia ndani. Kiti cha plastiki chenye mikono kina kasoro moja ambayo sponji haiondoi. Mikono yake mara nyingi hugonga ukingo wa meza, ukajikuta umekaa mbali na kuinama mbele. Kiti cha mbao kisicho na mikono, kile cha kulia chakula, ni bora zaidi.

Tukija kwenye laptopu, shida yake ni kwamba skrini na kibodi vimeshikana. Ukiiweka kimo cha mikono, shingo inainama. Ukiiweka kimo cha macho, mikono inapaa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 5, na kadiri kinavyoinama mbele ndivyo misuli ya nyuma ya shingo inavyofanya kazi ya kukizuia kisianguke. Hakuna namna ya kukaa itakayoondoa hilo. Kwa hiyo kama una pesa ya kitu kimoja tu cha elektroniki, nunua kibodi ya nje na mausi, hata za bei ya chini kabisa Kariakoo, halafu uinue laptopu mpaka ukingo wa juu wa skrini ukaribiane na usawa wa macho yako. Rimu ya karatasi za A4 ina unene wa karibu sentimita 5. Nne zinatosha watu wengi. Vitabu pia vinafaa, ila usizibe matundu ya hewa ya chini. Anayevaa miwani yenye sehemu ya kusomea upande wa chini ashushe skrini kidogo, la sivyo atakuwa anainua kidevu kutwa nzima.

Dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa mbele, macho yanapigana na mwanga. Likiwa nyuma, skrini inameremeta nawe unajipinda kuukwepa. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua huchomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi bila kuhama sana mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini au kusini lina mwanga uliotulia zaidi, na kwa nyumba za bati za Dar hilo ni suala la joto pia. Feni isikupulize shingoni moja kwa moja. Mambo ya intaneti na umeme wa akiba nawaachia mafundi wenyewe, ila waya wa ekstensheni usipite unapopita wewe.

Mwenye pesa zaidi kidogo anaweza kutafuta kiti cha ofisi kilichotumika. Kikalie dukani dakika kadhaa ukiongea na muuzaji. Kikishuka polepole, gesi inayokiinua imekwisha, kiache. Kipindue uangalie miguu mitano kama ina ufa. Kisha upime kimo chake cha chini kabisa: vingi vimetengenezwa kwa watu warefu, na tofali utalihitaji bado.

Hata vipimo vikikaa sawa, mwili haukuumbwa kukaa saa nane mfululizo. Kila nusu saa inuka, nenda kachote maji, pokea simu ukiwa umesimama. Kitanda kiwe cha kulala. Ukifanyia kazi hapo, kiuno kinajikunja na hakuna mto utakaokirekebisha.

Maumivu ya mkao mbaya hupungua ndani ya wiki chache ukirekebisha vimo. Yapo mengine ambayo tofali haliyahusu. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku huashiria mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Njoo tukuone mapema. Na mwenye maumivu ya mgongo ambaye mguu umeanza kukosa nguvu, amepata ganzi sehemu za siri, au anashindwa kuzuia au kutoa mkojo, asingoje miadi ya kliniki. Aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.