Ukikarabati maabara, anza na hewa, marumaru baadaye

Nikipewa BOQ, yaani orodha ya kazi na bei zake, ya ukarabati wa maabara ya chuo, naisoma kuanzia nyuma. Kurasa za mbele zimejaa rangi, marumaru, dari la jipsamu na madirisha ya alumini, kila kitu na bei yake. Hewa, maji taka na umeme vimebanwa mwishoni, tena mara nyingi kwa kiasi kimoja cha kukadiria. Mimi ni mhandisi wa mifumo ya majengo, na kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sawa. Ila hebu toa mifumo hiyo kwenye maabara ya kemia uone kinachobaki: darasa lenye masinki.

Majengo mengi ya sayansi tunayoyashughulikia sasa ni ya miaka ya 1960 na 1970. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia Mlimani mwaka 1964, Kitivo cha Sayansi kikaanza mwaka uliofuata. Na kazi ni nyingi: HEET, mradi wa elimu ya juu uliopata dola milioni 425 za Benki ya Dunia mwaka 2021, umegusa vyuo vya umma nchi nzima, na ujenzi na ukarabati wa maabara umo ndani yake.

Wasanifu wa enzi zile walilijua joto letu. Jengo jembamba, pande ndefu zikitazama kaskazini na kusini, madirisha ya luva, matofali ya matundu juu karibu na dari. Upepo unaingia huku, unatokea kule, na mvuke wa kloroformu unaondoka nao bila mtu kulipia umeme.

Kisha tukaja sisi na ukarabati. Luva ziking'olewa, yanawekwa madirisha ya alumini ya kusukuma, ambayo hata ukiyafungua yote nusu ya uwazi bado ina kioo. Jipsamu inashushwa, matundu ya juu yanazibwa. Chumba kinakuwa tanuri, vinafungwa viyoyozi vya ukutani, na mlangoni linabandikwa tangazo la kuomba watu wafunge mlango. Kiyoyozi cha namna hiyo hakileti hewa mpya. Kinavuta iliyomo chumbani, kinaipooza, kinairudisha. Wanafunzi wanaendelea kuvuta mvuke uleule, safari hii ukiwa wa baridi.

"Lakini tuna kabati la kufyonza mvuke," nitaambiwa. Tulipigie hesabu. Uwazi wa mbele wenye upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 0.5, hewa ikiingia kwa kasi ya mita 0.5 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi inayolengwa kwa kawaida, unapitisha takriban mita za ujazo 1,350 kwa saa. Makabati manne ni 5,400. Chumba cha mita 10 kwa 8, chenye kimo cha mita 3.2, kina mita za ujazo 256. Kwa hiyo makabati hayo yanataka kubadilisha hewa ya chumba kizima mara 21 kila saa. Hewa hiyo itatoka wapi ikiwa umeziba kila tundu?

Itatafuta pa kupita, na mara nyingi hupita kwenye masinki. Sinki lisilotumika, maji ya kwenye kiko chake (bomba lililopinda chini yake) yakishakauka, linageuka dirisha la kuingizia harufu ya chemba. Ndiyo maana kuna maabara zinanuka choo siku feni ya kabati ikiwashwa na hazinuki siku imezimwa. Nimewahi kuonyeshwa moja ambako waliishia kumbadilisha msafishaji.

Kabla ya kutoa anemomita, kipima kasi ya hewa, mimi hutumia kijiti cha udi. (Kwanza hakikisha hakuna chupa ya etha wala asetoni iliyo wazi.) Kishike mbele ya uwazi wa kabati: moshi unatakiwa kuinama wote na kuzama ndani. Halafu washa pangaboi. Kwenye vyumba vingi moshi uliokuwa unaingia unayumba, unakatika, unakurudia usoni. Mtu akikatiza tu mbele ya kabati unaona hivyohivyo. Kabati lililowekwa pembeni ya mlango, chini ya pangaboi, ni fanicha.

Na ukiamua kuipooza hewa yote inayoingia, jiandae na bili. Mita za ujazo 5,400 kwa saa za hewa ya Dar es Salaam ya nyuzi 32, yenye unyevu wake wote, zinadai takriban kilowati 60 za upoozaji ili zifike nyuzi 24. Hivyo ni zaidi ya viyoyozi 11 vya BTU 18,000, chumba kimoja tu. Ndiyo maana napendelea kugawa: kazi za mvuke zikusanywe chumba kimoja chenye feni za uhakika na njia rasmi ya kuingizia hewa, hadubini na kompyuta zipewe chumba kidogo chenye kiyoyozi, na maabara za fizikia zirudishiwe luva zake.

Zege lina kipimo ambacho watu wa kemia hukifurahia. Unamega kipande, unapulizia fenolfthalini. Palipo pinki, zege bado lina alkali ya kulinda nondo. Pasipobadilika rangi, ulinzi umekwisha. Ikiwa pasipo rangi pamefika kwenye nondo, acha habari ya rangi ya ukuta kwanza. Kwenye maji taka, usikubali PVC ya kawaida, maana asetoni huilainisha. Polipropilini ni ghali zaidi, lakini utaichimbia mara moja.

Stoo ndiyo inayonitisha. Fundi sanifu wa maabara aliyekaa pale miaka mingi ndiye mtu wa kwanza kuzungumza naye, kabla ya mkuu wa idara, kwa sababu anajua kilichopo rafu ya nyuma. Asidi ya pikriki iliyokauka inaweza kulipuka kwa msuguano wa kufungua kifuniko tu. Ukiikuta usiiguse, toa watu, ita wataalamu. Zebaki nayo hujificha kwenye nyufa za sakafu. Manchester, alikofanyia kazi mwanafizikia Rutherford kati ya 1907 na 1919, vyumba vya zamani vya fizikia vilikuja kugeuzwa ofisi, na miongo mingi baadaye vikakutwa bado na mabaki ya mionzi na zebaki. Basi usimruhusu mtu abomoe sakafu kabla haijapimwa. Vivyo hivyo kwa karatasi za asbesto juu ya meza na kwenye paa: zinaloweshwa na kutolewa nzima, grainda marufuku.

Kwenye mkataba naomba kipengele kimoja zaidi. Pesa ya retensheni, ile sehemu ya malipo ya mkandarasi inayozuiliwa, isiachiwe mpaka hewa ipimwe mara mbili: siku ya makabidhiano, na tena muhula ukiwa umeshika kasi, makabati yote yakiwa yamewashwa, milango imefungwa, wanafunzi wako kwenye meza zao. Wakandarasi hawakipendi. Siku ya makabidhiano chumba ni kitupu na madirisha yako wazi, na feni yoyote hufaulu.