TB fiche: vijidudu vipo, ugonjwa haupo

Anayeambiwa ana TB fiche huuliza kwanza: je, nitawaambukiza watu wa nyumbani? Hapana. Vijidudu vimezingirwa na seli za kinga, vimelala, na havitoki kwa kukohoa. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 ndio huja kuugua maishani, wengi ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Wenye VVU, kisukari au wanaotumia dawa za kushusha kinga wako hatarini zaidi.

Kipimo cha ngozi ni rahisi, lakini huharibika mikononi mwa haraka. Tuberkulini, yaani protini za vijidudu vya TB, ya mililita 0.1 huchomwa ndani ya ngozi ya kigasha, si chini yake. Ikiingia sawasawa, papo hapo huinuka kivimbe cheupe cha milimita 6 hadi 10. Kisipoinuka, rudia mahali pengine. Majibu husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Hapo wengi hupima wekundu, na wekundu hauhesabiwi. Funga macho, papasa ugumu, weka alama kila ukingo kwa kalamu, kisha pima kukatisha mkono. Kwa kawaida milimita 10 ni maambukizi. Kwa mwenye VVU, 5 zinatosha.

Ninalosisitiza kuliko yote: si kipimo hiki wala cha damu kinachotofautisha TB iliyolala na iliyoamka. Kabla ya tiba kinga, yaani dawa za kuzuia TB iliyolala isiamke, uliza kikohozi, homa, kupungua uzito na jasho la usiku. Likiwepo hata moja, tafuta TB kamili kwanza. Isoniazidi, dawa ya tiba hiyo, peke yake huvimudu vijidudu vichache vilivyolala. Vikishaamka ni mamilioni, na miongoni mwao vimo vichache vilivyo sugu tangu mwanzo. Dawa moja huua vingine na kuviachia hivyo sugu uwanja mzima.

Kwa mtu mzima, isoniazidi ni miligramu 300 kila siku kwa miezi 6, au miligramu 900 pamoja na rifapentini 900 mara moja kwa wiki, dozi 12. Rifapentini hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo ongeza kondomu. Pia hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, jambo lisilo na madhara. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, macho yakiwa ya njano au kichefuchefu kikigoma kuisha, hilo ni ini: acha dawa, ukapimwe siku hiyohiyo.