Kaya ya kwenye fomu ya bima si watu unaoishi nao

Kila ikifika tarehe 1 Novemba, Soko la Bima la Marekani linapofunguliwa, magrupu ya WhatsApp ya Waswahili walioko huko hujaa ushauri wa kujaza fomu za Obamacare. Mwingi unasaidia. Lakini kuna mmoja haufi: "Andika watu wote mnaoishi pamoja, kaya ikiwa kubwa ruzuku inapanda." Chini yake mwingine anaongezea: "Hata wa nyumbani unaowatumia pesa waandike, si unawalisha wewe?" Anayesema hivyo huwa ni mtu mwema anayewatakia wenzake heri. Tatizo ni kwamba bili ya ushauri wake haiji Novemba. Inakuja zaidi ya mwaka mmoja baadaye, msimu wa kodi, na haiji kwake.

Ruzuku yenyewe haina maelezo marefu. Chini ya Obamacare, sheria iliyosainiwa Machi 2010, mtu asiye na bima ya bei nafuu kazini, wala Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo), wala Medicare (ya wazee na baadhi ya walemavu), anaweza kununua bima kwenye Soko, na serikali ikamlipia sehemu ya ada ya kila mwezi. Sehemu hiyo hupatikana kwa kulinganisha mapato ya kaya na kiwango cha umaskini cha shirikisho. Kwa bima ya 2026, kiwango hicho ni dola 15,650 kwa kaya ya mtu mmoja, 21,150 kwa watu wawili, 26,650 kwa watatu, 32,150 kwa wanne. Ukiwa kati ya 100% na 400% ya kiwango chako, unatakiwa uchangie kati ya 2.10% na 9.96% ya mapato yako, kwa kipimo cha mpango wa daraja la Silver, yaani la kati, ulio wa pili kwa bei ya chini katika eneo lako. Kinachobaki inalipa serikali. Kwenye majimbo yaliyopanua Medicaid, mtu mzima aliye chini ya 138% kwa kawaida anapelekwa Medicaid. Texas, Georgia na Tennessee hayakuipanua, kwa hiyo huko mtu mzima asiye na mtoto, akiwa chini ya 100%, anaweza kukosa kote kuwili.

Sasa tuje kwenye kaya, maana hesabu yote hiyo imesimama juu yake.

Kwenye ruzuku hii, kaya ni watu wa ritani moja ya kodi, yaani fomu ya mapato inayowasilishwa serikalini kila mwaka: anayefaili, mwenzi wake wanayefaili naye pamoja, na wategemezi anaowadai kwenye ritani hiyo. Hakuna mwingine. Nyumba haimo kwenye tafsiri hiyo, kodi ya pango haimo, jiko halimo, ukoo haumo. Mnaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, mnalala chumba kimoja, mnakula sahani moja, na bado mkawa kaya mbili.

Naelewa kosa linakotoka. Kwetu kaya ni wanaokula chungu kimoja, na karani wa sensa akipita anauliza hivyo hivyo: mnaishi wangapi hapa, mnashirikiana matumizi? Kibaya zaidi, Marekani kwenyewe kuna fomu inayouliza kwa namna hiyo. Ukiomba stempu za chakula, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kununua na kupika chakula pamoja. Basi mtu aliyefika kama mkimbizi, fomu yake ya kwanza ikawa ya stempu, anajifunza maana hiyo na kuibeba hadi kwenye bima. Jibu lilikuwa sahihi kule. Neno ni lile lile, pengine hata ofisi ni ile ile, lakini sheria ni nyingine, na hakuna anayekuambia kwamba umevuka mpaka.

Mkenya naye anakuja na mazoea yake. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, inampima asiye na mshahara kwa kumuuliza mambo yanayoonekana: ukuta wa nyumba, maji, choo, nishati ya kupikia, ukubwa wa familia, halafu mchango unakadiriwa kutokana na majibu. Mfumo wa Marekani hauoni ukuta wako. Unaona ritani tu.

Tuchukue nyumba moja ya kupanga Dallas, vyumba viwili, vijana watatu: kaka, mdogo wake na binamu yao. Wote wanafanya kazi ghalani, kila mmoja anafaili kodi yake. Kaka anapata dola 30,000 kwa mwaka. Kwenye fomu anaandika kaya ya watu watatu lakini mapato anaweka yake peke yake, maana ndiyo anayoyajua. Kompyuta inamwona yuko kama 112% ya umaskini: mchango wake ni 2.10%, yaani dola 630 kwa mwaka. Anafurahi na kusambaza siri kwenye grupu. Ukweli ni kwamba yeye ni kaya ya mtu mmoja, yuko kama 191%, na mchango wake halali unakaribia dola 1,850. Tofauti ya zaidi ya dola 1,200 haikupotea popote. Inamsubiri kwenye ritani, pale fomu ya 8962 itakapolinganisha ruzuku aliyopewa mapema na aliyostahili.

Zamani kosa la namna hii lilikuwa na breki. Mwenye mapato ya chini alidaiwa kurudisha kiasi fulani tu, kilichobaki anasamehewa. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 iliondoa kikomo hicho kuanzia mwaka wa kodi 2026: unarudisha chote kilichozidi. Ndiyo sababu ushauri uliokuwa hasara ndogo miaka mitatu iliyopita leo unauma kwelikweli.

Wa nyumbani sasa. Hapa napaongea taratibu, kwa sababu panagusa moyo. Mama yako yuko Kigoma, unamtumia dola 200 kila mwezi, dawa zake za presha ni wewe, bati la nyumba yake ni wewe. Kwa macho yetu huyo ni wa kaya yako kuliko hata hao unaolala nao. Kwa macho ya kodi za Marekani, mtegemezi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Canada au Mexico. Mkazi wa Kigoma hadaiwi, na asiyedaiwa haingii kwenye kaya. Hata mtoto wako wa kumzaa uliyemwacha Nairobi kwa bibi yake, kama si raia wa Marekani, kwa kawaida haingii mpaka afike. Na hizo dola 200 hazipunguzi mapato yako hata senti moja. Sheria haina pahali pa kuandika ulichotuma kwa M-Pesa. Mimi naona ni ukatili, ila ndivyo ilivyo. Mama huyo huyo akija na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, akakaa kwako, ukamtunza na akatimiza masharti ya utegemezi, unamdai kwenye ritani na kaya yako inaongezeka mtu mmoja. Uhusiano wenu ni ule ule. Kilichobadilika ni karatasi.

Mwenzi aliyeko ng'ambo anachanganya zaidi. Mwanamume ana mke Mombasa anayesubiri viza, anajiona anaishi kapera, anaandika "sijaoa." Ndoa yake ya Mombasa inatambulika. Akifaili kama mwenye ndoa anayejaza kivyake, kwa kawaida ruzuku yote inaondoka. Njia ya kawaida ni kufaili pamoja, na hapo mke anahesabiwa kwenye kaya ingawa hawezi kupewa bima, na mapato yake ya Mombasa nayo yanaingia. Kuna vipengele vya kuokoa baadhi ya watu, hasa wenye mtoto wanayeishi naye Marekani, na aliyekimbia mwenzi anayempiga ana njia yake. Huyo amwone mtaalamu wa kodi, asikae grupuni.

Kosa jingine ni kudhani kaya ni orodha ya watakaopata bima. Kijana wa miaka 24 anaweza kukaa kwenye bima ya wazazi mpaka atimize 26, lakini kama anafaili kodi yake na hadaiwi na yeyote, yeye ni kaya yake. Upande wa pili, mwenzi asiye na hati za kuishi Marekani, ambaye Soko halimuuzii bima kabisa, anahesabiwa kwenye kaya akiwa kwenye ritani. Wengine humficha kwa hofu na kujipunguzia haki. Binti yenu wa miaka 17 anayeuza baga jioni naye yumo kwa idadi, lakini mshahara wake hauingii kwenye mapato mpaka ufikie kiwango cha kulazimika kufaili.

Kuhusu mapato nitapita haraka. Yanayoulizwa ni mapato ya kodi ya mwaka mzima wa bima, si yanayobaki baada ya pango, na si ya mwezi uliopita. Medicaid ndiyo inayotazama mwezi wa sasa. Anza na mstari wa 11 wa fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe, kisha ukadirie mwaka unaokuja. Dereva wa Uber mwenye 1099, fomu ya anayejiajiri, ahesabu faida baada ya gharama, si kila dola iliyopita kwenye programu. Uliyoweka kwenye 401(k) ya kawaida, akiba ya uzeeni ya kazini, kabla ya kodi hayahesabiwi. Pesa za matunzo ya mtoto unazopokea na zawadi haziingii. Mafao ya Social Security ya kustaafu yanaingia yote, hata sehemu isiyotozwa kodi, lakini SSI, msaada wa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, haiingii.

Mahali pa kuwa na macho ni ukingo wa 400%: ukiuvuka, ruzuku yote inaondoka. Nafuu ya ziada iliyoanza 2021 ilikuwa imeuondoa, lakini ilikoma tarehe 31 Desemba 2025, na ukingo ukarudi. Kwa mtu mmoja, kwa bima ya 2026, ni dola 62,600. Muuguzi msaidizi aliyekadiria 58,000, akachukua zamu za ziada Novemba na Desemba, akafunga mwaka na 63,000, atarudisha ruzuku ya mwaka mzima. Kwa dola 400 zilizozidi.

Wapo wanaokasirika kuona neno umaskini karibu na jina lao. "Mimi si maskini, naendesha lori langu." Mzee, hakuna aliyekutukana. Kipimo hicho kilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Mollie Orshansky, mtumishi wa idara ya Social Security, aliyechukua gharama ya mpango wa chakula wa bei ya chini kabisa wa Wizara ya Kilimo akazidisha kwa tatu, kwa kuwa uchunguzi wa 1955 ulionyesha familia hutumia kama theluthi moja ya mapato kwa chakula. Tangu 1969 kinapandishwa kufuatana na bei za bidhaa. Hakijui pango la Boston linagharimu nini. Majimbo yote yanatumia tarakimu moja isipokuwa Alaska na Hawaii. Mtu wa 300% anaweza kuwa na gari zuri na mkopo wa nyumba. Ni rula tu, tena rula ya zamani.

Jambo moja la wakimbizi, kwa kuwa wengi wetu kutoka Kongo na Burundi tumeingia kwa mlango huo. Sheria ile ile ya Julai 2025 inawaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye ruzuku kuanzia tarehe 1 Januari 2027. Wenye kadi ya kijani wanabaki. Mkimbizi aliyetimiza mwaka na hajaomba kadi ana sababu ya kutokuahirisha.

Basi fomu ikikuuliza mko wangapi kwenye kaya, usihesabu vitanda wala sahani. Fungua ritani unayotarajia kuifaili kwa mwaka huo wa bima, hesabu majina yaliyomo. Kama jina lako limo kama mtegemezi kwenye ritani ya mtu mwingine, kwa kawaida wewe ni wa kaya ya huyo. Na kama umeshajaza kwa ule ushauri wa grupuni, hujafanya jinai kwa kutojua. Ingia kwenye akaunti yako ya Soko, nenda sehemu ya kuripoti mabadiliko, rekebisha idadi na mapato. Ada ya mwezi unaofuata itapanda kidogo, na deni la ritani litaacha kukua. Mabadiliko yoyote ya baadaye, mtoto kuzaliwa, ndoa, kazi mpya, yaripoti ndani ya siku 30.