"Akila tu atapona" na mengine tunayoyaamini kuhusu tiba ya matatizo ya ulaji

"Tiba yenyewe ni kukaa na kupiga soga."
Nianze na hii, maana ndiyo inayowachelewesha wengi. Katika tiba ya utambuzi na tabia (inayobadili mawazo na mazoea) iliyotengenezwa kwa ajili ya matatizo ya ulaji, kazi ya daktari wa akili Christopher Fairburn na wenzake huko Oxford, Uingereza, mgonjwa hurudi nyumbani na kazi ya kufanya. Kila anachokula anakiandika palepale: saa ngapi, akiwa wapi, alijisikiaje. Mara moja kwa wiki anapanda mizani mbele ya mtaalamu, wanaweka alama kwenye grafu, wanatazama mwelekeo wa wiki kadhaa, kwani uzito wa siku moja huyumba hata kwa maji tu. Kwa aliyezoea kujipima asubuhi, mchana na usiku, kungoja wiki nzima ni mateso. Kwa kawaida vikao ni 20. Aliyekonda sana hupangiwa hadi 40.

"Kitafutwe kwanza kidonda cha moyoni, chakula kitajirekebisha."
Njaa yenyewe huvuruga akili. Katika jaribio la mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 wa kiume waliojitolea, wote wazima wa afya. Walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kununa na kujitenga. Ndiyo maana kula kwa mpangilio huja mapema kwenye tiba.

"Basi ajaziwe sahani."
Hapana! Aliyejinyima muda mrefu akilishwa kwa pupa, madini ya fosfeti kwenye damu inaweza kushuka ghafla na moyo ukapata shida. Mwanasaikolojia hafanyi kazi hii peke yake. Daktari na mtaalamu wa lishe wanahitajika.

"Mbona hajakonda?"
Wengi wenye bulimia, yaani kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kufidia kwa njia nyingine, wana uzito wa kawaida kabisa, lakini kujitapisha kunamaliza madini ya potasiamu mwilini na kuvuruga mapigo ya moyo. Kusubiri mtu akonde ndipo atafutiwe msaada ni kosa kubwa.

"Ni ugonjwa wa wasichana."
Wanaume wanaugua pia. Baadhi yao wanahangaikia misuli, nasi tunawapongeza kwa nidhamu.

"Wazazi ndio waliosababisha, wakae kando."
Jeni zina mchango, na hakuna mzazi anayepanga hayo. Tena kwa vijana wenye anoreksia, yaani kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, tiba iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, huwapa wazazi usukani. Katika kikao cha pili familia huja na chakula na kula mbele ya mtaalamu. Mama anabembeleza, baba anakaripia, mtoto anasukuma sahani. Mtaalamu halishi, anawaelekeza wazazi wakae karibu naye, waseme kauli moja, mpaka mtoto ale tonge moja zaidi ya alilokusudia.

"Akimaliza tiba ataupenda mwili wake."
Lengo la mwanzo ni dogo kuliko hilo. Mtaalamu huuliza: ukisimama mbele ya kioo unatafuta nini, na unakaa muda gani? Kisha wanapunguza ukaguzi mmoja mmoja: kubana nyama ya tumbo, kujaribu ile suruali ya zamani. Mara nyingi ulaji hutulia kabla ya macho, na mtu anaweza kuwa anakula vizuri kwa miezi huku bado akikwepa kupigwa picha.