Je, wajua kwa nini reli ya kale ya farasi haikuwa na mataruma, yale magogo yanayolazwa kukingama chini ya reli?

Kusini mwa Wales, kando ya Mto Taff, kati ya Merthyr Tydfil na Abercynon, kuna njia ya miguu ambayo sehemu zake zimepangwa mawe mazito, safu mbili zinazokwenda sambamba. Karibu kila jiwe lina tundu moja katikati. Hapo ndipo ilipopita reli ya Penydarren, iliyofunguliwa mwaka 1802 na kuvutwa na farasi.

Nilipoona picha ya mawe hayo mara ya kwanza nilikuwa na hakika kwamba ni mabaki ya mataruma. Niliona kila jozi ya mawe kama ncha mbili za taruma moja refu lililovunjika katikati kwa miaka mingi. Aliyezoea kuona reli ya Tanga au ya Kigoma hawezi kuwaza vingine, maana reli tunayoijua hukaa juu ya magogo, vyuma au zege lililolazwa kutoka upande hadi upande. Lakini mawe ya Penydarren hayajavunjika. Yalichongwa hivyohivyo, moja moja, na kati ya safu hizo mbili palikuwa ni udongo na kokoto tu.

Aliyehitaji nafasi hiyo ni farasi. Laza ngazi chini, kisha tembea ndani yake kutoka kipago hadi kipago huku ukivuta mzigo mzito nyuma yako. Hatua ya tatu au ya nne utajikwaa, na hata usipojikwaa utakuwa unapima kila hatua badala ya kuvuta. Sasa mpe farasi kazi hiyo kwa kilomita 15, kwenda na kurudi, mvua na barafu. Mataruma yangekuwa vipago vya ngazi chini ya kwato zake. Kwa hiyo kila upande wa reli ulipewa mawe yake peke yake, na katikati farasi akaachiwa barabara yake laini.

Hata reli yenyewe haikufanana na ya leo. Lilikuwa bamba la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, lenye umbo la herufi L, urefu wa futi 3. Gurudumu lilikuwa bapa, bila ukingo wowote. Ukingo wa kulizuia lisitoke njiani ulikuwa kwenye bamba. Mabamba mawili yalikutana juu ya jiwe. Tundu lilijazwa kigingi cha mbao, msumari ukapigiliwa humo, nao ukazibana ncha zote mbili. Fanya hesabu: jiwe kila futi 3, pande zote mbili, kwa maili tisa na nusu, unapata zaidi ya mawe 33,000. Yote kwa mkono.

Waliogharamia kazi hiyo ni wenye viwanda vya chuma vya Dowlais, Penydarren na Plymouth, waliochoshwa na msongamano wa mashua za mizigo kwenye sehemu ya juu ya mfereji wa Glamorganshire.

Mpango huo ulikuwa na udhaifu wake. Chuma cha kusubu hubeba uzito vizuri kikikandamizwa, lakini kikipinda kidogo hukatika kama kigae. Jiwe moja likizama na mwenzake asizame, bamba hubaki limening'inia. Farasi na mabehewa madogo waliweza kuvumiliwa. Tarehe 21 Februari 1804, mhandisi Richard Trevithick alipitisha hapo kichwa cha treni cha mvuke kikivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70. Safari ilichukua saa 4 na dakika 5, pamoja na muda wa kukata miti na kuondoa mawe yaliyoziba njia. Mashine ilifaulu, mabamba yakavunjika. Farasi wakarudi kazini na kuendelea kwa miaka mingi.

Kwa anayetaka kuifuata njia hii leo, tundu peke yake halitoshi kuwa ushahidi. Mawe ya reli za namna hii yaling'olewa mara nyingi yakajengewa kuta na madaraja, hivyo jiwe lenye tundu ukutani linaweza kuwa limetoka mbali. Tafuta mawe yaliyo ardhini, yanayofuatana kwa nafasi ya karibu sentimita 90, yakiwa na wenzake upande wa pili. Angalia pia mteremko: njia hushuka polepole na bonde, maana mzigo mzito ulikuwa ukienda chini na mabehewa matupu yakirudi juu. Karibu na Quakers Yard safu zote mbili bado zinaonekana. Ukisimama katikati yake, umesimama pale pale kwato zilipokanyaga.