Je, wajua kwa nini mtoto wa "miezi saba" hupunguziwa miezi mitatu ya umri, si miwili?

Tuchukue mtoto wa kiume aliyezaliwa Novemba 10, 2024, mimba ikiwa na wiki 28. Mei 10, 2026 anatimiza miezi 18. Anasimama kwa kushika kochi, anaambaa na ukuta hatua tatu nne, kisha anajibwaga chini na kuendelea na safari kwa magoti. Mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki ileile anakimbiza kuku. Je, huyu njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, amechelewa?

Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha kwamba watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe wakiwa kati ya miezi 8.2 na 17.6. Kwa cheti cha kuzaliwa, mtoto wetu ameshapitiliza. Lakini siku aliyotarajiwa kuzaliwa ilikuwa Februari 2, 2025, na ukihesabu kuanzia hapo ana miezi 15 na wiki moja. Bado ana zaidi ya miezi miwili ya kujaribu. Huo ndio umri uliorekebishwa, na ndio unaotumika kupima kukaa, kutambaa, kutembea na kutamka maneno ya kwanza.

Wengi wakishalielewa hilo hukosea kwenye hesabu yenyewe. Mtoto ni wa miezi saba, mimba ni miezi tisa, tisa toa saba ni mbili, basi tunampunguzia miezi miwili. Hesabu inaonekana safi, ila imechanganya miezi ya aina mbili. Hiyo "saba" imepatikana kwa kugawa wiki 28 kwa nne. Ukitumia mwezi huohuo wa wiki nne, mimba nzima ya wiki 40 ni miezi kumi, si tisa. "Tisa" yetu ni ya kalenda, ambayo mwezi wake una wiki nne na siku mbili au tatu. Kwa kalenda, mtoto wa wiki 28 ni wa miezi sita na nusu hivi. Ni sawa na kununua kitambaa kwa yadi ukakipima kwa mita: fundi hana kosa, lakini gauni halitoshi.

Kwa hiyo usihesabu miezi kabisa. Chukua 40, toa wiki za mimba siku aliyozaliwa, na jibu ndilo la kumpunguzia. Aliyezaliwa wiki ya 28 anapunguziwa wiki 12, karibu miezi mitatu. Wa wiki ya 31 anapunguziwa tisa, wa wiki ya 26 kumi na nne. Mwezi mmoja uliopotea kwenye hesabu mbaya unatosha kumfanya mtoto wa mwaka mmoja aonekane mzito wa kujifunza bure.

Kosa jingine ni kukisia wiki kwa kilo. Mtoto wa kilo 1.2 anaweza kuwa wa wiki 28 aliyekua vizuri au wa wiki 32 aliyekosa lishe tumboni, na hao wawili hawapunguziwi sawa. Wiki huhesabiwa kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, au kwa utrasaundi iliyopigwa mapema. Zikikisiwa kwa kumwangalia mtoto baada ya kuzaliwa, kosa la wiki mbili ni la kawaida, hivyo usikeshe ukigombania siku.

Kwa nini basi kuna umri wa aina mbili? Mkulima wa mpunga analijua jibu. Mbegu humwagwa kitaluni, na baada ya siku 21 hivi miche huhamishiwa jaruba. Tuseme kitalu kimoja kiliharibika, miche ikang'olewa siku ya 12. Mpunga hauanzi maisha upya kwa sababu umehamishwa. Siku za kuchanua na kuvuna zinahesabika tangu mbegu ilipomwagwa, na mkulima anayeulinganisha na wa jirani kwa tarehe ya kupandikiza atalalamika bure kwamba wake ni mfupi. Ubongo wa mtoto nao una ratiba iliyoanza tumboni. Katika wiki ya 28 uso wake bado ni laini kiasi, na mikunjo mingi hujitengeneza katika wiki zinazofuata. Kuzaliwa mapema hakuiharakishi ratiba hiyo. Ndiyo maana tabasamu la kwanza la kumjibu mtu, ambalo kwa kawaida huja karibu na wiki ya sita, kwa mtoto wa wiki 28 huja karibu na wiki ya 18 tangu azaliwe.

Sasa upande wa pili wa jaruba. Konokono waharibifu, kama wale waliovamia mashamba ya Mwea nchini Kenya mwaka 2020, hawaulizi mche ulikaa kitaluni siku ngapi. Mche ukishafika majini wanautafuna, na mchanga zaidi ndio laini zaidi. Ulinzi unaanza siku ya kupandikiza. Chanjo ni hivyohivyo: hufuata tarehe ya kuzaliwa. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni za cheti, na surua-rubela ya miezi 9 na 18 pia. Kumsubirisha mtoto wetu miezi mitatu "kwa kuwa bado mdogo" ni kupindua mambo, kwa sababu kinga anayopewa na mama kupitia kondo la nyuma huvuka kwa wingi katika wiki za mwisho za mimba, ambazo yeye hakuzipata. Dozi ni ileile, haipunguzwi kwa sababu ya uzito. BCG, chanjo ya kifua kikuu, ndiyo huweza kusubiri kidogo kwa mtoto mdogo sana, mpaka atulie au aruhusiwe kwenda nyumbani.

Chakula cha kulikiza kimekaa katikati, na wataalamu hawajakubaliana juu ya wiki kamili. Wanachoangalia wengi ni mtoto mwenyewe: shingo imekaza, anakaa akiegemezwa, anafuata kijiko kwa macho, na ulimi hausukumi uji nje.

Kwenye kadi ya kliniki, urekebishaji unaonekana kwa jicho. Mvulana huyo akiwa na kilo 8.5, nukta yake ya miezi 18 inaangukia chini ya mstari wa hasi mbili, yaani mpaka wa uzito pungufu kwa umri, ambao hapo uko kilo 8.8. Acha nukta ilipo, kisha chora mshale mlalo kurudi nyuma wiki 12. Ncha inatua kwenye miezi 15, ambako mstari huo uko kilo 8.3, naye yuko juu yake. Bado ni mwembamba na uzito wake ufuatiliwe kila mwezi, lakini hajaporomoka. Mshale huo ukikosekana, mhudumu mgeni ataisoma kadi vingine kabisa.

Urekebishaji usigeuke blanketi la kufunikia kila kitu. Kuna mambo ya kupeleka kliniki hata baada ya kupunguza wiki: hajakaa mwenyewe katika miezi 8, hajatembea katika miezi 18, au anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka. Miguu inayokaza na kupishana kama mkasi nayo haisubiri umri wowote. Kusimama kwa vidole kwa muda huwapata njiti wengi, na kile kigari cha kumning'iniza mtoto ili ajifunze kutembea hukizidisha, kwa kuwa humsukumia kwenye ncha za vidole. Mkalishe kwenye kigoda kifupi, nyayo zote sakafuni, achuchumae kuokota vitu na kuinuka.

Kupunguza huku huachwa akifika miaka miwili. Waliozaliwa kabla ya wiki ya 28 wengine huendelezewa hadi mitatu. Hakuna muujiza siku hiyo: miezi mitatu ni nusu ya miezi sita, lakini ni sehemu ya nane tu ya miezi 24, na tofauti za kawaida kati ya watoto zinaimeza.

Hata ubongo hautii saa moja. Mwaka 2012 watafiti wa Hungaria waliripoti kwamba ubongo wa njiti ulianza kuunganisha picha za macho mawili baada ya muda uleule tangu kuzaliwa kama wa waliotimiza siku, kana kwamba mwanga ndio ulioiwasha saa hiyo. Watoto waliopimwa walikuwa wachache, lakini ni jambo la kushangaza: miguu inahesabu tangu mimba, macho yanahesabu tangu kuzaliwa.

Shule nayo husoma cheti tu. Mvulana wetu ni wa 2024, ingawa mwili wake ulipangiwa 2025, na mwaka wa masomo huanza Januari. Huenda akajikuta darasani na watoto waliomtangulia karibu mwaka mzima kutungwa mimba.