Beki wa miaka 19 na goti lililokatika mara mbili

"Dokta, atacheza tena?" Wazee wa wachezaji huniuliza hivyo hata kabla hawajakaa kitako. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya viungo, lakini hapa Unguja ukishavaa koti jeupe umeshakuwa dokta, na nimechoka kukanusha. Jibu la swali lenyewe ni jepesi: kucheza, wengi hucheza. Yanayonisumbua mimi ni mengine. Atacheza ligi gani? Atadumu misimu mingapi? Na akifika miaka 40, ataweza kukaa tahiyatu bila ya kutafutiwa kiti?

Nitamzungumzia beki mmoja wa kati. Jina silitaji, na baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha asijulikane. Ni kijana wa Pemba, mrefu, anausoma mchezo kama mtu aliyecheza miaka kumi. Alikata kano ya goti akiwa na miaka 17, akapasuliwa Dar es Salaam, na mwezi wa sita tu baada ya upasuaji akarudishwa uwanjani kwa sababu mashindano yalikuwa yamekaribia. Hakuguswa na mtu. Aligeuka kumfuata winga, yeye akaenda huku, goti likabaki kule. Safari hii hata gegedu la ndani ya goti, lile tandiko linalokaa kati ya mifupa, lilichanika.

Kano yenyewe ni ile ya msalaba ya mbele, ambayo wachezaji wetu wanaijua kwa herufi zake tu, ACL. Imo katikati ya goti, inauzuia mfupa wa ugoko usichomoke mbele wala usijizungushe ovyo chini ya paja. Kwenda sokoni utakwenda bila yake. Inahitajika pale unaposimama ghafla, unapogeuka, unapotua. Sasa itazame kazi ya beki. Mwaka 2015 watafiti waliopitia video za wachezaji wa kulipwa walioikata kano hii bila ya kugongwa gotini waliona matukio matatu yakijirudia: kumkabili mwenye mpira, kutua baada ya kupiga kichwa, na kutafuta mizani baada ya kupiga shuti au pasi. Beki analipwa kwa mambo hayo hayo. Mshambuliaji huchagua mwenyewe wapi pa kukatia. Beki hujibu tu, mwili ukiwa umeshachelewa.

Wengi hudhani daktari huishona ile ile iliyokatika. Mara nyingi siyo hivyo. Huchukua kipande cha kano nyingine ya mgonjwa mwenyewe, ya chini ya pia ya goti au ya misuli ya nyuma ya paja, akatoboa mifupa na kukipitisha humo. Kipande hicho kikishawekwa hukosa damu na kudhoofika, halafu polepole mishipa midogo ya damu hukiingia na mwili ukaanza kukijenga upya. Kwa hiyo kipo kipindi, katika miezi ya mwanzo, ambapo kano mpya ni dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Na kwa bahati mbaya ni kipindi hicho hicho ambacho maumivu yamekwisha, uvimbe umeshuka, na kijana anapanda ngazi za majumba ya Michenzani bila ya kushika ukuta. Goti linampa ruhusa ambayo kano haijaitoa. Ujenzi huo huchukua mwaka na zaidi, na hakuna cha kuuharakisha: si sindano, si mafuta, si kukandwa na fundi hodari kuliko wote wa Micheweni.

Ndiyo maana sipatani na makocha kuhusu kalenda. Kombe la Mapinduzi huchezwa Januari. Kijana aliyepasuliwa Julai ataanza kuikodolea macho Januari hiyo. Mimi humwambia ahesabu Kombe la mwaka wa pili. Utafiti wa Norway na Marekani uliochapishwa 2016 ulionesha kwamba kila mwezi mmoja mchezaji anaosubiri, mpaka ufike mwezi wa 9 tangu apasuliwe, hupunguza uwezekano wa kuumia goti tena kwa karibu nusu. Na miezi peke yake haitoshi. Katika utafiti huo huo, waliorudi bila ya kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka, karibu 38 katika kila 100 waliumia goti tena ndani ya miaka 2. Waliofaulu hawakufika 6 katika 100.

Vipimo vyenyewe havitaki hospitali ya kifalme. Mashine ya kupima nguvu za misuli ni ghali, lakini kuruka kunataka chaki na futi kamba. Aruke kwa mguu mmoja mara moja, kisha mara tatu mfululizo, kisha tulinganishe. Mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenziwe. Kuna mtego hapo: mguu mzima nao hulegea kwa miezi ya kukaa, ukaja kulinganisha wagonjwa wawili na kusema wako sawa. Kwa beki huongeza jambo langu: namrudisha kinyumenyume, halafu namwonesha ishara ya kugeuka upande asioutarajia. Hapo ndipo ninapoona kama analiamini goti lake au anamdanganya kocha.

Haya, maisha ya mpira. Kwenye klabu kubwa za Ulaya, zaidi ya 90 katika 100 waliopasuliwa kano hii walirudi kucheza ndani ya mwaka. Baada ya miaka 3, ni 65 tu waliokuwa bado kwenye kiwango cha juu. Hao wana madaktari wa kila siku na mshahara unaoingia. Umri nao una sura mbili. Kijana hupona vizuri, ana miaka mingi mbele. Lakini miongoni mwa wanamichezo walio chini ya miaka 25 wanaorudi uwanjani, kama 23 katika 100 hukata kano tena, ama goti lile lile ama la pili.

Virgil van Dijk aliumia Oktoba 2020 akiwa na miaka 29. Hakucheza tena msimu ule, akaiacha na Euro ya 2021, na miaka kadhaa baadaye akawa nahodha wa Liverpool iliyochukua ubingwa 2025. Huyo humtaja kila mzazi. Hawamtaji Holger Badstuber, beki wa Bayern Munich na Ujerumani, aliyekata kano Desemba 2012 akiwa na miaka 23, akaikata tena 2013 kabla hata hajarudi kucheza. Alicheza mpaka 2022, klabu tofauti, lakini ile nafasi ya kuwa nguzo haikurudi. Kijana wangu yuko karibu zaidi na Badstuber.

Gegedu ndilo linalonitia hofu zaidi. Bobby Orr, beki wa hoki ya barafu wa Boston Bruins (ndiyo, hoki ya barafu, na mimi barafu naijua ya kwenye juisi ya miwa tu), alichukua tuzo ya beki bora wa NHL, ligi kuu ya mchezo huo, mara 8 mfululizo, 1968 hadi 1975. Goti lake la kushoto lilipasuliwa tena na tena, zama ambazo gegedu lililochanika lilikatwa likatupwa. Alistaafu 1978, miaka 30. Siku hizi likishoneka hushonwa, na la kijana wangu limeshonwa. Malipo yake ni kwenda polepole zaidi: kuchuchumaa hakuna kwa muda, sala anasali kitini.

Na karafuu hakuna. Hili ndilo gumu. Msimu ukifika Pemba, watu hawamwelewi kijana wa miaka 19 mwenye misuli anayekataa kupanda mkarafuu. Mchezaji aliyeajiriwa kwenye timu ya kikosi cha serikali, KMKM au JKU, walau ana mshahara wa kumshika. Huyu hana, na kwenye ndondo za mtaani kuna wanaomwita kwa elfu chache.

Ami yake alitaka nimwandikie barua kwamba yuko fiti, maana kuna timu ya Bara inamuulizia. Nikamwambia: ligi yetu hapa ataicheza, hilo naliona. Ligi ya Bara inawezekana, kama hatagusa mechi yoyote kabla ya mwezi wa 12 tangu apasuliwe mara ya pili. Kano ikikatika mara ya tatu, mimi nitakuwa upande wa kumwambia aache. Barua niliiandika. Nimeweka tarehe za upasuaji wote wawili, kano ilikotolewa, gegedu lililoshonwa, na umbali aliouruka kwa kila mguu. Klabu yenye daktari wake itajua lini imwite.